Chumba cha Ilfracombe: Je, WannaCry Ilizimwa kwa Bahati?

Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, wafanyakazi wa hospitali kadhaa nchini Uingereza walikuta mafaili ya kompyuta zao yamefungwa na dirisha jekundu limejaa kwenye kioo, likidai dola 300 kwa sarafu ya Bitcoin. Baada ya siku tatu deni lingekuwa dola 600. Baada ya siku saba, dirisha lilidai, mafaili yangepotea kabisa. Programu iliyofanya hivyo iliitwa WannaCry, na kwa mujibu wa Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, katika siku chache ilikuwa imeingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150. Mchana wa Ijumaa hiyo hiyo, kijana wa miaka 22 aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwa wazazi wake katika mji mdogo wa Ilfracombe, jimbo la Devon, alinunua jina moja la kikoa kwa dola 10.69. Programu ikaacha kuenea.

Kisa hiki nimekisikia darasani mara mbili, na mara zote mbili kilisimuliwa kama kisa cha bahati nasibu: kijana alibonyeza kitu, dunia ikapona. Kijana mwenyewe, Marcus Hutchins, alichangia kukieneza hivyo, kwani katika maelezo aliyoyaandika siku iliyofuata alisema kwamba aliuzima mnyoo huo kwa ajali. Mimi sikubaliani na usimulizi huo, au tuseme nakubaliana na nusu yake. Ni kweli kwamba hakukusudia kuuzima aliponunua lile jina. Lakini namna alivyojua kwamba umezimika haikuwa bahati hata kidogo. Alijua kwa sababu aliuendesha mnyoo ndani ya mashine pepe mara kadhaa, akibadilisha kitu kimoja tu kati ya jaribio na jaribio. Insha hii inahusu majaribio hayo na kuta zilizoyazunguka.

Kwa wasomaji wenzangu wa historia ambao kompyuta kwao ni chombo cha kuandikia insha tu, mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili. Ni programu inayojifanya kompyuta kamili, yenye diski yake, kumbukumbu yake na hata kadi yake ya mtandao, lakini yote hayo yamo ndani ya kompyuta halisi. Ile halisi huitwa mwenyeji na ile pepe huitwa mgeni. Mgeni akiugua, unaifuta diski yake au unamrudisha katika hali uliyoihifadhi jana, na mwenyeji hana habari. Ndivyo inavyotarajiwa.

Wazo hili si la watu wa usalama. Kampuni ya IBM ililijenga katika miaka ya 1960 huko Cambridge, Massachusetts, na mwaka 1972 ikatangaza mfumo wa VM/370, kwa sababu rahisi kabisa: kompyuta ilikuwa moja, ghali mno, na watumiaji walikuwa wengi. Kila mtumiaji alipewa kompyuta ya kujifanya. Ilichukua robo karne nyingine, hadi kampuni ya VMware ilipotoa programu yake ya kwanza mwaka 1999, kabla mtu wa kawaida hajaweza kumkaribisha mgeni wa namna hiyo kwenye kompyuta ya mezani. Pengo hilo la miaka ndilo linalonivutia, kwa maana ndani yake watu walijaribu programu zinazojieneza bila ukuta wowote, na matokeo yake tunayo kwa maandishi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa John Shoch na Jon Hupp, watafiti wa kituo cha Xerox huko Palo Alto, California. Hawakuwa na nia mbaya. Walitaka programu itakayotembea katika mtandao wa ofisi usiku, itafute kompyuta zisizo na kazi na kuzitumia. Waliiita mnyoo. Katika makala yao ya Machi 1982 wanaeleza kwamba usiku mmoja waliuacha mnyoo mdogo ukiendelea kwenye mashine chache, na waliporudi asubuhi wakakuta kompyuta nyingi zimekufa. Ukiiwasha moja, inafanya kazi kwa muda mfupi kisha inakamatwa tena. Nyingine zilikuwa katika vyumba ambavyo asubuhi hiyo vilikuwa vimefungwa kwa ufunguo. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa wameweka mapema njia ya dharura, yaani ujumbe mmoja maalumu ambao ukitumwa kwenye mtandao kila mnyoo ulazimike kusimama. Wakautuma. Minyoo ikasimama, lakini jengo lilibaki na kompyuta 100 zilizozimika, kila mpita njia akiziona. Nawaheshimu kwa kuliandika jambo hilo. Watafiti wengi wangelificha.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye, Novemba 1983, mwanafunzi Fred Cohen wa Chuo Kikuu cha Southern California aliomba ruhusa ya kujaribu kirusi kwenye kompyuta ya pamoja, VAX 11/750. Alichukua tahadhari: kirusi chake hakikuruhusiwa kuenea hatua nyingine bila yeye kuidhinisha. Hata hivyo, katika kila jaribio kati ya matano kilipata mamlaka yote ya mfumo kabla ya saa moja kwisha, na katika jaribio la haraka zaidi kabla ya dakika tano. Baada ya matokeo kutangazwa, wasimamizi walipiga marufuku majaribio yoyote zaidi ya usalama kwenye mfumo wao, hata yale yaliyokusudiwa kuwasaidia kugundua virusi. Ni rahisi kuwacheka wasimamizi hao. Lakini kompyuta ilikuwa ya watu wote, kazi za watu zilikuwamo, na hapakuwa na mahali pengine. Mtafiti alihitaji chumba, na chumba hakikuwapo. Miaka mitano baadaye Robert Morris, mwanafunzi wa uzamili, aliutoa mnyoo wake moja kwa moja kwenye intaneti, tarehe 2 Novemba 1988, ukaenda kasi kuliko alivyotarajia. Alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka mitatu na saa 400 za kazi za jamii.

Kwa hiyo mashine pepe ilipofika mezani mwaka 1999 ilikuwa jibu la tatizo la zamani. Hapa ndipo maelezo mengi ya kiufundi yanapokosea, kwa maoni yangu. Yanazungumza kana kwamba usalama umo katika kuta za mashine. Kuta zina umuhimu wake, na zimewahi kuvuja: Mei 2015 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina VENOM, iliyomwezesha mgeni kutoka na kumvamia mwenyeji kupitia sehemu ya programu inayoiga kiendeshi cha diski za floppy, chombo ambacho vijana wa rika langu wengi hawajawahi kukishika. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo tangu 2004. Lakini mivujo ya namna hiyo ni adimu. Hatari ya kila siku iko kwenye waya. Shoch na Hupp hawakushindwa na ukuta. Walishindwa na mtandao.

Jambo hili nililielewa nyumbani kwetu Kampala nilipokuwa nikijiandaa kuandika insha hii. Sikuwa na programu hasidi yoyote na sikuitafuta. Nilitaka tu kuona chumba kinavyofanana. Niliweka VirtualBox kwenye kompyuta yangu, nikamkaribisha mgeni mwenye Windows 7, na mipangilio ya mtandao nikaiacha kama ilivyokuja. Namna hiyo ya kawaida huitwa NAT. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ni salama kwa sababu hakuna kompyuta ya nje inayoweza kumfikia mgeni. Ni kweli. Kisha, ndani ya mgeni, nikaandika anwani ya kompyuta ya dada yangu, ambaye anaendesha biashara yake ndogo ya kuchapa na kutoa kopi kwenye chumba cha mbele cha nyumba. Folda yake ya pamoja ikafunguka. Ankara za wateja, kadi za mwaliko wa harusi, barua za maombi ya kazi za watu nisiowajua, zote zilikuwa mbele ya yule mgeni niliyedhani nimemfungia. Ukuta ulikuwa wa upande mmoja: uliwazuia wanaoingia, haukuwazuia wanaotoka.

Huduma ya Windows ya kushirikiana mafaili, ambayo nyumbani kwetu ipo kwa ajili ya printa moja, huitwa SMB na hupita kwenye poti namba 445. Ndiyo hiyo hiyo iliyopitiwa na WannaCry. Nilipobadilisha mipangilio na kuchagua mtandao wa mwenyeji pekee, folda ikatoweka. Nikagundua kwamba bado nilikuwa nimeacha folda ya pamoja kati ya mgeni na kompyuta yangu, nikaifuta nayo. Nilipomweleza dada, aliniuliza swali moja tu: printa bado inafanya kazi?

Sasa turudi Ilfracombe. Hutchins alikuwa likizoni wiki hiyo. Alitoka kula chakula cha mchana na rafiki, akarudi nyumbani yapata saa nane na nusu, akakuta habari za hospitali zimejaa. Mtafiti mwenzake anayejulikana kwa jina la Kafeine alimpatia nakala ya programu. Akaiendesha katika mazingira yake ya uchunguzi na mara akaona kwamba kabla ya kufanya lolote iliulizia jina refu la kikoa, herufi nyingi zisizo na maana zikiishia na .com. Jina hilo lilikuwa halijasajiliwa na mtu. Akalisajili. Kulisajili kulikuwa desturi ya kazi yake katika kampuni ya Kryptos Logic: programu hasidi nyingi huulizia majina ya kikoa ili kupokea amri, na mwenye kulimiliki jina huweza kuhesabu kompyuta zilizoambukizwa na hata kuzuia amri zisifike.

Usajili wa jina hauenei duniani kwa dakika moja. Wakati ukienea, aliiendesha tena programu ile katika mashine yake pepe. Safari hii dirisha jekundu lilimtokea. Mafaili ya uongo aliyokuwa ameyaweka humo kama chambo yakafungwa. Kisha akaona kitu muhimu zaidi: mgeni wake alianza kugonga anwani za ovyoovyo za intaneti, zote kwenye poti 445. Mchunguzi aliyekata waya wote asingeyaona hayo. Aliyeuacha waya wazi bila kuutazama angekuwa ameisaidia WannaCry kuenea. Kutokana na mgongo huo wa milango alikumbuka zana iitwayo EternalBlue, iliyotumia udhaifu wa SMB, ambayo kundi lililojiita Shadow Brokers lilikuwa limeivujisha tarehe 14 Aprili, mwezi mmoja tu nyuma. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha udhaifu huo tarehe 14 Machi. Waliokipuuza ndio waliokuwa wakilia.

Ndipo kinakuja kipande ambacho wasimulizi wa bahati hukiruka. Baada ya jina kusajiliwa, mfanyakazi mmoja aliyeombwa kuichunguza programu alirudi na jibu la kutisha: kusajili jina ndiko kulikoamsha kufungwa kwa mafaili. Kwa maneno mengine, Hutchins alikuwa ameziangamiza hospitali kwa mkono wake. Wakati huo huo Darien Huss, mtafiti wa kampuni ya Proofpoint, alikuwa ametangaza kinyume chake: usajili umesimamisha mnyoo. Majibu mawili, ukweli mmoja, na dunia nzima inangoja. Nijaribupo kujiweka katika kiti kile, nashindwa.

Alichofanya kinaelezwa kwa sentensi mbili. Aliiendesha programu katika mashine pepe huku jina likiwa limesajiliwa, na hakuna kilichotokea. Kisha akabadilisha faili la hosts la mgeni, ambalo huiambia kompyuta jina fulani liko anwani gani, ili ulizo la jina lile lishindwe, akaiendesha tena, na dirisha jekundu likaja. Anaeleza kwamba aliruka kwa furaha kwa kuona kompyuta yake imetekwa. Kila kitu kingine kilibaki vilevile: programu ile ile, mgeni yule yule, mafaili yale yale ya uongo. Kitu kimoja tu kilibadilika na jibu likabadilika. Mwalimu wa kemia wa sekondari angempa alama zote.

Mwanahistoria hupaswa kuuliza pia kwa nini jina lile lilikuwamo. Tafsiri ya Hutchins ni kwamba waandishi wa WannaCry walikuwa wakijaribu kutambua kama wako ndani ya chumba cha majaribio. Vyumba vingi vya aina hiyo, ili viwe salama, havimruhusu mgeni kufika intaneti ya kweli. Badala yake humjibu kwa uongo kila jina analouliza. Kwa hiyo programu inayouliza jina lisilokuwapo duniani na kupata jibu hujua kwamba inadanganywa, ikanyamaza. Programu nyingine iitwayo Necurs ilikuwa ikifanya hivyo kwa ustadi zaidi, kwa kuuliza majina matano ya kubahatisha. WannaCry ilitumia moja, lililoandikwa ndani yake moja kwa moja. Jina hilo liliposajiliwa, kompyuta za dunia nzima zilipata jibu, na mnyoo katika kila moja ukadhani uko maabara.

Tafsiri hii ikiwa sahihi, ina jambo la kuudhi kwa wapenda usalama. Chumba kilichofungwa kabisa na kujibu kila ulizo kwa uongo kingeonyesha kwamba WannaCry ni programu isiyo na madhara yoyote. Mchunguzi angeandika ripoti safi na kwenda kulala. Kile cha Ilfracombe kilifaulu kwa sababu mwenye chumba alijua kila ulizo linajibiwaje na nani, na aliweza kulibadilisha jibu apendavyo. Ndiyo maana nasema ustadi ulikuwa katika waya.

Najua pingamizi litakalotolewa. Jina lingeweza kusajiliwa na yeyote, na Huss aliona matokeo kabla yake. Kweli. Pia waandishi wa mnyoo walikuwa wazembe, na uzembe wa adui ni bahati. Nalikubali hilo pia. Lakini fikiria kama Hutchins angeliamini jibu la kwanza, lile la kutisha, bila kujaribu. Mwenye hofu ya namna hiyo angeliachia jina, na kuliachia kungeuamsha upya mnyoo kila mahali ulikoulizia. Katika siku zilizofuata watu wengine walijaribu kuiangusha seva iliyoshikilia jina hilo kwa kuimiminia maombi kutoka kwenye mitandao ya vifaa vilivyotekwa na programu ya Mirai. Kama asingejua kwa hakika jina lile linafanya kazi gani, kwa nini yeye na wenzake wangelilinda usiku na mchana?

Madhara yaliyokwisha kutokea hayakuwa madogo. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilieleza kwamba angalau theluthi moja ya taasisi za hospitali za England ziliathirika. Miadi 6,912 ya wagonjwa ilithibitishwa kufutwa na makadirio ya jumla yalizidi 19,000. Nyuma ya kila namba hapo kuna mtu aliyerudishwa nyumbani na maumivu yake.

Kuna sehemu ya mwisho ambayo masimulizi ya shujaa huitaja kwa aibu. Tarehe 2 Agosti 2017, Hutchins alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Las Vegas alipokuwa akirejea Uingereza kutoka kwenye mkutano wa wadukuzi. Mashtaka yalihusu Kronos, programu ya kuiba taarifa za benki aliyoshiriki kuiandika miaka kadhaa kabla, akiwa kijana mdogo. Aprili 2019 alikiri makosa mawili. Sioni kwamba jambo hili linafuta lile la Mei, wala kwamba la Mei linalifuta hili. Kwa mtazamo wangu wa kihistoria yanahusiana kwa njia iliyo wazi: aliyejua programu kama hizo hutafuta nini ndani ya mashine pepe alikuwa amewahi kukaa upande wa pili wa ukuta. Tarehe 26 Julai 2019, Jaji J. P. Stadtmueller wa Milwaukee alimhukumu muda ambao tayari alikuwa ameutumikia, pamoja na mwaka mmoja wa kuwa chini ya uangalizi, kisha akamwacha arudi nyumbani.